Tarehe ya Kumaliza, Mungu Akipenda

Programu yoyote ya kusimamia miradi, ya kununua au ya bure, huanza kwa kukudai tarehe: siku ya kuanza, siku ya kumaliza. Usipoijaza, hujijazia ya leo na kusonga mbele. Mimi ni mhandisi wa maji. Miaka yangu ya kazi imeishia kwenye mitaro na matangi ya kaunti za Homa Bay na Migori, kutoka Karachuonyo nilikozaliwa hadi Nyatike mpakani mwa Tanzania, na katika kazi hiyo sijakutana na swali la dini lililo gumu kuliko kile kisanduku kidogo cha tarehe. Kinaniuliza kama kesho ni yangu.

Watu wa kwetu wana jibu tayari. Muulize nyapara tangi la Ndhiwa litakamilika lini, atakwambia wiki mbili, kisha ataongeza: Nyasaye koyie, Mungu akikubali. Muulize fundi Mwislamu wa Kendu Bay, atasema inshallah. Wote wawili wanasimama juu ya maandiko. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawakaripia wafanyabiashara wanaopanga safari na faida ya mwaka mzima bila kutaja mapenzi ya Bwana. Surat al-Kahf inamwagiza Mtume asiseme kwamba atafanya jambo kesho pasipo kuweka sharti hilohilo. Kwa hiyo dini hizi mbili zinakubaliana kwamba tarehe tupu, isiyo na sharti, ni majivuno. Kisanduku cha programu hakina mahali pa sharti. Kinapokea siku, mwezi na mwaka, basi.

Je, muumini anaweza kukijaza kwa uaminifu? Na upande wa pili, ambao unanisumbua zaidi: maneno "Mungu akipenda" ni imani, au ni kichaka cha kujifichia? Nimeyasikia yakitamkwa kwa unyenyekevu wa kweli na mzee ambaye amefanya kila linalowezekana na sasa anaangalia mawingu. Nimeyasikia pia kutoka kwa mtu ambaye bado hajaagiza saruji.

Suala hili halikunijia kanisani. Lilinijia tulipokuwa tukichagua programu. Kampuni yetu ni ndogo, ofisi iko Homa Bay mjini, na saiti zimetawanyika: moja vilima vya Gwassi, nyingine kando ya mto Kuja, nyingine kisiwani. Ratiba ya kila mradi iliishi mahali patatu, yaani kwenye daftari la nyapara, kwenye Excel ya ofisini na kwenye kundi la WhatsApp, na ratiba hizo tatu hazikupatana. Primavera, inayotumika kwenye mabwawa na barabara kuu, inahitaji mtu wa kukaa nayo tangu asubuhi hadi jioni. Microsoft Project inataka leseni ya kila mtumiaji. Tukachukua ProjectLibre, ambayo ni ya bure na hufungua mafaili ya Microsoft Project ambayo wahisani hutuletea. Tukaiweka kwenye kompyuta za ofisi. Kwenye simu za manyapara tukaweka KoboToolbox, kwa sababu fomu zake hujazwa hata pasipo mtandao na kutumwa simu ikishaupata. Aliyewahi kutembea Gwassi akiinua simu juu akitafuta laini anajua kwa nini hilo lilikuwa sharti la kwanza.

Kuchagua kulikwisha upesi. Kilichochukua muda ni kuitia ndani ya programu ile siku halisi ya mtu wa huku.

Programu hizi huja na kalenda iliyokwisha kupangwa. Ile ya kawaida ya Microsoft Project ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa sita, kisha saa saba hadi saa kumi na moja jioni. Kuna mtu mbali sana na hapa aliyekwisha kuamua siku ya kazi ni nini. Lakini Waadventista walifungua misheni yao ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na hadi leo ukipanga kazi ya Jumamosi huku Karachuonyo unaandika jambo ambalo unajua si kweli. Ijumaa jua likianza kushuka, sururu zinalazwa. Saiti nyingine siku isiyoguswa ni Jumapili. Ijumaa adhuhuri fundi wa Kendu Bay yuko msikitini. Na msiba ukitokea kijijini, mtaro unasimama, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayechimba mtaro wa maji huku majirani wakichimba kaburi.

Ziwani kuna kalenda nyingine tena. Wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza, wakiwavuta samaki kwa taa. Mwezi ukipevuka, mitumbwi hukaa ufuoni. Kwa hiyo kijiji cha Mbita au Mfangano kinachochangia nguvu zake kwenye mradi kitakupa watu wengi mwezi ukiwa mpevu na wachache mno usiku ukiwa mweusi. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa kisheria, na vijana hutafuta kibarua. Ila Aprili na Mei ndizo za mvua ndefu, ule udongo mweusi wa Nyatike hugeuka ute, na Kuja hufurika hadi kwenye mashamba ya watu. Nikaandika kalenda ya kila saiti peke yake, yenye sabato yake, mwezi wake na mto wake. Katika yote tuliyoyafanya na programu ile, hili ndilo ninalolithamini kuliko mengine. Programu huipaka siku ya mapumziko rangi ya kijivu kama siku tupu. Kwa muumini siku hiyo haina utupu wowote. Katika Mwanzo, Mungu alipumzika baada ya kazi kukamilika, na siku hiyo akaibariki. Kwa hiyo imo ndani ya kazi yenyewe, kama sehemu yake ya mwisho.

Hapa ndipo ninapokutana na John Mbiti. Kasisi huyu wa Kianglikana, mzaliwa wa Kitui, alichapisha mwaka 1969 kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na ndani yake akadai mambo mawili kuhusu muda. La kwanza, kwamba kwa Mwafrika wa jadi muda hutengenezwa na matukio: kinachohesabiwa ni kukamua ng'ombe, mvua kunyesha, mwezi kuandama, wala si saa tupu zinazopita. La pili, kwamba wakati ujao wa mbali, unaozidi miaka miwili hivi, haupo kabisa katika mawazo hayo, kwa sababu matukio yake hayajatokea. Wengi walimpinga, akiwemo mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye. Mimi la kwanza nalikubali kwa moyo wote. Kalenda yangu ya omena ni ushahidi wake. La pili linanishinda kila ninapofika Thimlich Ohinga.

Thimlich Ohinga iko kaunti ya Migori. Ni boma la kuta za mawe, mahali pengine zinazopita urefu wa mtu mara mbili, zilizoanza kujengwa yapata karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hakuna chokaa wala udongo wa kushikanisha; jiwe limelazwa juu ya jiwe, madogo yakijaza nafasi kati ya makubwa, na ukuta unasimama kwa uzito wake na kwa jinsi ulivyopangwa. Jamii iliyoanza ilihama, nyingine zikaingia, zikakarabati, zikaishi humo na kuondoka, vizazi hadi vizazi, mpaka karne iliyopita. Kama mhandisi najua jambo moja kuhusu ukuta wa namna hiyo: haudumu bila mikono ya kurudisha jiwe linapoanguka. Aliyelaza jiwe la chini aliwategemea watu ambao hawajazaliwa. Hakuwapangia tarehe. Aliwaachia kazi waliyoweza kuiendeleza, na hiyo kwangu ni fikra ya wakati ujao wa mbali kuliko mpango wowote wa miaka mitano niliowahi kutia sahihi.

Basi kumbe mtu anaweza kuifikiria kesho, hata kuifanyia kazi nzito, bila kudai kwamba ni mali yake. Hilo ndilo nililotaka programu iniruhusu kulisema.

Tulianza kwa kuongeza safu moja kwenye ratiba, kandokando ya jina la kila kazi. Mwanzoni nilitaka iitwe Mkono: mkono wetu, mkono wa wenzetu, mkono wa Mungu. Kuagiza mabomba, wetu. Malipo ya kaunti, ambayo husubiri fedha kutoka Hazina ya Kitaifa, mkono wa wenzetu. Mvua, mkono wa Mungu. Nikamwonyesha nyapara wetu mkuu, ambaye pia ni mzee wa kanisa la Waadventista, mtu ambaye akinyamaza unajua anapima.

"Nyar Karachuonyo," akasema, yaani binti wa Karachuonyo, "umempa Mungu mabaki."

"Kivipi, Jaduong'?"

"Umechukua yanayowezekana ukajipa wewe. Yaliyokushinda ukamtupia yeye. Hilo bomba unaloliita letu, nani alituamsha asubuhi kulilaza?"

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na Wanazi mwaka 1945, aliandika neno la kukaribiana na hilo katika barua zake za 1944 kutoka gereza la Tegel, Berlin. Alikataa kumtumia Mungu kama kiraka cha kuziba pale ujuzi wetu unapokwama, kwa maana ujuzi ukisonga mbele Mungu huyo hurudi nyuma hatua kwa hatua. Nyapara wangu hajamsoma Bonhoeffer. Aliliona jambo hilohilo kwenye skrini ya kompyuta, safu ya tano.

Tukaibadilisha jina kabla ya ratiba kutoka ofisini. Sasa inaitwa Ahadi, na jibu lake ni moja kati ya matatu: yetu, ya mwenzetu, au hakuna aliyeahidi. Mvua hakuna aliyeiahidi. Mungu hakutajwa popote, na kwa sababu hiyo yuko chini ya mistari yote, ya mabomba na ya mvua. Kilichobaki kwenye safu ni swali la binadamu kwa binadamu: nani ameweka neno lake hapa?

Na kuna sheria moja tunayoishika sana. Anayetaka kuandika "hakuna aliyeahidi" lazima aitetee mbele ya wenzake. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kuliko wakati wowote uliokuwa umepimwa hadi hapo. Nyumba, gati na barabara za ufuoni zikaingia maji. Je, nyumba ya pampu iliyozama ni jambo lisilo na mwahidi? Ziwa hilohilo lilipanda kwa kasi kuanzia 1961 hadi 1964, na vipimo vyake vimo vitabuni. Baada ya 1964, mhandisi anayejenga pampu chini ya kiwango kile cha maji hawezi kusema hakujua. Kupanda kwa ziwa hakukuwa mikononi mwake, lakini mahali pa pampu palikuwa. Kila tunapojadiliana hivi, mistari huhama kutoka "hakuna" kwenda "yetu". Mvua ya Aprili haina mwahidi. Kuleta kokoto saiti kabla ya Aprili, barabara ikiwa kavu, ni ahadi yetu kabisa. "Nyasaye koyie" hubaki mahali padogo, na hapo padogo husemwa kwa uzito wote.

Kuhusu tarehe yenyewe, msaada ulitoka mahali ambapo sikupatarajia. Mistari ya ratiba tunayoiona kwenye programu hizi hubeba jina la Mmarekani Henry Gantt, aliyeieneza miaka ya 1910, ingawa Karol Adamiecki wa Poland alichora ya kwake mwaka 1896. Mstari wa namna hiyo una mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Lakini mwaka 1958, jeshi la majini la Marekani likitengeneza makombora ya Polaris, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya, wapangaji wake walikiri kwamba tarehe moja ni uongo. Wakabuni njia iitwayo PERT, inayomtaka mwenye kazi ataje muda mara tatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kama kawaida, yakienda vibaya. Inaniuma kwamba unyenyekevu huu ulizaliwa kwenye silaha za kuangamiza miji. Hata hivyo ni unyenyekevu.

Nilipomuuliza nyapara tarehe moja, alinipa wiki mbili na Mungu. Nilipomuuliza muda mara tatu, alizungumza kwa kirefu. Tuseme ni mtaro wa mita 1,200 kutoka kisimani hadi kioski. Kukikauka na watu wakifika, siku 6. Kwa kawaida, siku 9. Mvua ikiingia na udongo ukiporomoka, siku 24. PERT inachukua 6, inaongeza 9 mara nne, inaongeza 24, inagawanya kwa 6: siku 11. Zile siku 2 juu ya 9 ndizo sharti la Yakobo, limeandikwa kwa namba. Na yule mzee, ambaye kila mmoja ofisini alidhani hapendi kupanga, alikuwa na mipango mitatu kichwani tangu mwanzo. Tulichokuwa tukimnyima ni mahali pa kuisema yote.

Baada ya tarehe huja asilimia, nayo ni hatari zaidi, kwa sababu tarehe huzungumzia kesho lakini asilimia inashuhudia kuhusu leo. Ripoti ya mwezi inauliza: kazi imefika wapi? Anayeandika 80 ametoa ushahidi, na amri ya tisa inamhusu sawasawa na aliyesimama kizimbani. Nimeona katika kazi hii mabomba yaliyofukiwa kilomita nyingi yakihesabiwa karibu kumaliza mradi, huku hata tone halijapita. Sisi tulikataa asilimia za katikati. Kipande cha bomba ni sifuri mpaka kipimwe kwa shinikizo la maji na kishike. Kikishika ni 100. Ripoti zetu huonekana nyuma ya za wengine kwa miezi, kisha hupanda ghafla. Mhasibu hufadhaika. Lakini mama wa kijijini akiambiwa kipande fulani kimekamilika, anajua maji yamepita humo.

Hata 100 yenyewe inahitaji kuulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuta la mawe na udongo lilijengwa Mbita kuunganisha bara na kisiwa cha Rusinga. Watu walivuka, magari yakavuka, na kwa hesabu ya ratiba yoyote mradi ule ulikamilika. Lakini tuta liliziba mlango ambao maji ya ghuba ya Winam yalipitia kubadilishana na ziwa kuu. Maji yakatulia, magugu yakajazana, mitumbwi ikalazimika kuzunguka kisiwa kizima. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30, mpaka tuta lilipofunguliwa na daraja kuchukua nafasi yake, mwaka 2017. Waliojenga tuta walifanya walichoambiwa, sina neno la kuwahukumu. Ninachouliza ni kazi ya nani kuandika mstari unaofuata baada ya 100. Programu hufunga mradi mstari wa mwisho ukijaa. Wajenzi wa Thimlich Ohinga hawakuwa na mstari wa mwisho. Kwa hiyo kila ratiba yetu sasa ina mistari inayoendelea baada ya makabidhiano: kupima mtiririko wakati wa kiangazi cha kwanza, kurudi baada ya mvua ndefu, kuona kama kamati ya maji ina vipuri na fundi wa kuvifunga. Mistari hiyo hailipwi na mkataba wowote. Imo.

Mikataba, kwa kweli, inalijua suala hili vizuri kuliko inavyodhaniwa. Masharti ya FIDIC ya 1999, ambayo miradi mingi ya ujenzi Afrika Mashariki hutumia au kuyafuata, humpa mkandarasi nyongeza ya muda hali ya hewa ikiwa mbaya kupita kawaida. Hiyo ni "Mungu akipenda" ya wanasheria. Lakini inamtaka atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua. Akinyamaza zikapita, amepoteza haki yake, hata kama mafuriko yalikuwa ya kweli. Nimelitafakari sharti hilo sana. Linasema kwamba kuomba radhi kwa jina la mvua kuna wakati wake, na wakati huo ni mara tu unapojua, sio baada ya tarehe kupita.

Siku 28 ni nyingi mno kwa mwanamke anayeteka maji mto Kuja na kubeba ndoo kichwani. Nyapara akijaza kwenye fomu ya simu kwamba kazi imehama kutoka muda wa kawaida kwenda muda mbaya, jambo la kwanza analotakiwa kufanya ni kumpigia mwenyekiti wa kamati ya maji, siku ileile, kwa Kijaluo, na kumwambia tarehe mpya zote tatu. Ofisi inapata habari baadaye, simu ikikutana na mtandao. Mhisani anapata baada ya ofisi. Kuna mhisani aliyetuandikia kwamba mpangilio sahihi ni yeye aanze kujua. Tulimjibu kwamba tarehe ile ya kwanza tulimwahidi mwenyekiti, chini ya mti, mbele ya watu wake, na kwamba mlolongo wa simu utabaki ulivyo.